Kubadilishana Shamba Si Kuuza
Juu ya kodi inayodaiwa kwa faida ambayo mkulima hajaitia mkononi

Wapendwa waumini, na ninyi viongozi wa walei mliokabidhiwa shughuli za Haki na Amani katika jumuiya zenu,

Kulipa kodi ni wajibu wa dhamiri. Hivyo ndivyo inavyofundisha Katekisimu ya Kanisa Katoliki, na kijitabu hiki hakikuandikwa ili kumfundisha mtu yeyote namna ya kukwepa wajibu huo. Lakini mafundisho yaleyale yanayomfunga mwananchi kulipa yanaifunga pia serikali kutoza kwa haki. Papa Yohane XXIII, katika waraka wake Mater et Magistra wa mwaka 1961, alieleza kwamba mzigo wa kodi hauna budi kulingana na uwezo wa mlipaji. Kisha akaongeza jambo ambalo watunga sheria wengi hulisahau: mapato ya mkulima huja polepole, tena yamezungukwa na hatari nyingi kuliko ya watu wengine, na kwa hiyo anayemtoza kodi yampasa kuyafikiria hayo. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 201, nayo imeagiza kwamba mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki.

Kwa kipimo hicho tunataka kuipima kodi moja tu, yaani kodi ya faida ya mtaji, na katika kodi hiyo jambo moja tu: yanayompata mkulima anayetoa shamba lake na kupokea shamba la jirani yake. Msimamo wetu una sehemu mbili zisizotengana. Mkulima mdogo anayebadilisha shamba kwa shamba bila kupokea fedha asidaiwe kodi siku hiyo. Adaiwe siku atakapouza. Wala uahirisho huo usigeuzwe kuwa mlango wa wenye nguvu kupita bila kulipa maisha yao yote.

SHERIA INASEMAJE?

Kodi ya faida ya mtaji hutozwa mtu anapohamisha mali kama vile ardhi kwa thamani inayozidi gharama aliyoipatia mali hiyo. Tofauti kati ya viwango hivyo viwili, baada ya kuondoa gharama zinazokubaliwa na sheria, ndiyo inayoitwa faida, na serikali huchukua sehemu yake.

Historia ya kodi hii nchini Kenya ni ya kutafakariwa. Ilianzishwa mwaka 1975, ikasimamishwa mwaka 1985, na haikurudi hadi tarehe 1 Januari 2015. Kwa karibu miaka 30, basi, haikuwapo. Tukumbuke miaka hiyo ilikuwa ya namna gani. Ripoti ya Tume ya Ndung'u, iliyokabidhiwa serikali mwaka 2004, ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu kinyume cha sheria, misitu, viwanja vya shule na mashamba ya utafiti vikiwamo. Wengi waliozipata hati hizo waliziuza upesi. Waliuza katika miaka ambayo kodi hii ilikuwa imelala usingizi. Ilipoamka, ilimkuta mkulima mlangoni.

Iliporudi mwaka 2015 ilikuwa asilimia 5. Tangu tarehe 1 Januari 2023 ni asilimia 15. Imeongezeka mara tatu kwa tendo moja la kalamu.

Tuwe wakweli: sheria yenyewe ina huruma kiasi fulani. Haimtozi mtu binafsi anayehamisha ardhi ambayo thamani yake haizidi shilingi 3,000,000. Haitozi shamba la kilimo lisilofika ekari 50 ikiwa liko nje ya manispaa, nje ya mji uliotangazwa rasmi, na nje ya eneo lililotangazwa kuwa la mjini. Haitozi mume anapomhamishia mke au mke anapomhamishia mume, wala urithi unapowafikia warithi. Mwenye nyumba aliyoishi mwenyewe kwa muda wa miaka 3 kabla ya kuihamisha naye amesamehewa. Kila kiongozi wa walei ayajue haya kwa moyo, maana wapo madalali wanaowatisha wajane kwa kodi ambayo hawadaiwi.

Shida iko wapi, basi? Shida iko katika neno moja. Sheria inaposema "kuhamisha", haimaanishi kuuza peke yake. Inataja waziwazi na kubadilishana. Mbele ya sheria, aliyeuza shamba akaondoka na fedha, na aliyebadilishana shamba akabaki na jembe lake lilelile, ni mtu mmoja.

MFANO WA MAJIRANI WAWILI

Tuchukue mfano wa kubuni ambao kila mmoja wenu anaweza kuulinganisha na kijiji chake. Mama mmoja ana ekari moja ng'ambo ya mto, mbali na boma lake. Mzee jirani yake ana ekari moja iliyo karibu na boma la huyo mama, ilhali boma la huyo mzee liko huko ng'ambo. Kila asubuhi wanapishana njiani wakiwa na majembe mabegani. Siku moja wanaketi, wanazungumza mbele ya watoto wao, wanakubaliana: wewe chukua yangu, nami nichukue yako. Hakuna shilingi iliyopita kati yao. Ni nani katika jumuiya zetu asiyeweza kuliita jambo hili jema? Watapunguza mwendo, watalinda mazao yao kwa urahisi, na watoto wao hawatagombania vijia.

Mama huyu alinunua ekari yake mwaka 1988 kwa shilingi 40,000. Leo mthamini anasema ina thamani ya shilingi 4,000,000, na ya yule mzee vilevile. Zamani mahali hapa palikuwa kijijini tu. Lakini mji wa jirani umetangazwa kuwa manispaa, na mpaka wake umechorwa hadi ng'ambo ya mto. Basi msamaha wa ekari 50 hauwahusu tena, na thamani imepita shilingi 3,000,000. Tukiacha kando gharama ndogondogo, faida ya huyu mama kwa hesabu ya sheria ni shilingi 3,960,000, na asilimia 15 ya faida hiyo ni shilingi 594,000.

Atazitoa wapi? Hajapokea fedha yoyote. Kahawa au mboga za ekari moja hazizai kiasi hicho. Njia alizobakiwa nazo ni tatu. Anaweza kuuza sehemu ya ardhi ili alipe kodi ya kutokuuza ardhi. Anaweza kuandika thamani ya uongo katika karatasi, naye akawa mwenye hatia mbele ya sheria na mbele ya Mungu. Au anaweza kubadilishana kwa mdomo tu, bila kuandikisha, hati ya kila mmoja ikibaki kwa jina la zamani. Hii ya tatu ndiyo wengi huichagua, na ndiyo mbegu ya vita. Wazee wawili waliopatana wakifa, watoto wao watasoma hati, hawatasoma mapatano. Tena Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967 huyahesabu kuwa batili mabadilishano ya ardhi ya kilimo yasiyopata kibali cha Bodi ya Ardhi katika maeneo inayoyahusu. Mpatanishi wa parokia ataitwa wakati panga limekwisha kutolewa alani.

Tazameni pia hiyo shilingi 3,960,000 inayoitwa faida. Shilingi 40,000 za mwaka 1988 na shilingi 40,000 za leo si kitu kimoja, na kila mama anayekwenda sokoni analijua hilo. Sehemu kubwa ya faida hiyo si utajiri alioupata mtu. Ni shilingi iliyopungua nguvu. Anayeuza na kupokea fedha walau ana kitu cha kumega. Asiyepokea chochote anatozwa kwa hesabu iliyo kwenye karatasi tu.

NANI AMESIKILIZWA, NANI HAKUSIKILIZWA

Wapo watakaotuambia kwamba kodi ni kodi, na kwamba sheria haiwezi kufuata hali ya kila mtu. Jibu letu ni kwamba sheria hiihii imekwisha kufuata hali ya watu fulani. Makampuni ya kundi moja yanapojipanga upya ndani ya kundi lao, bila kumhamishia mali mtu wa nje, sheria imeweka masharti ambayo kwayo hayadaiwi kodi hii. Sababu yake inaeleweka: hakuna aliyeuza kweli, mali imehama kutoka mfuko mmoja hadi mwingine wa kanzu ileile, na mwenye mali ni yuleyule.

Hatuipingi hoja hiyo. Tunauliza tu: mbona haikumfikia yule mama? Kampuni ina wanasheria na wahasibu walioijua njia ya kufika katika kamati za Bunge, nao wakaeleza kwamba kuhama si kuuza. Wakaeleweka. Yule mama na yule mzee hawana mhasibu. Neno la haki lililokubaliwa likitoka kinywani mwa mwenye mali linakataliwa likitoka kinywani mwa mnyonge, na hii ndiyo maana halisi ya upendeleo. Upendeleo hauhitaji mtu mbaya wa kuutenda. Hutosha kwamba mmoja yupo mezani na mwingine yupo shambani.

Tena tuangalie jinsi mkulima anavyotolewa katika msamaha wake. Marekebisho ya mwaka 2019 ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji yalipunguza idadi ya watu inayotakiwa ili mji upewe hadhi ya manispaa, ikawa 50,000. Kaunti zina sababu zake za kutaka manispaa, na nyingine ni njema: taa, maji, barabara. Lakini mkulima hulala akiwa mkulima na kuamka akiwa mkazi wa manispaa, na jembe lake halikubadilika usiku huo. Udongo ni uleule, mvua ni ileile, mapato ni yaleyale. Kilichobadilika ni mstari kwenye ramani, na mstari huo umekuwa na bei ya shilingi 594,000.

SOMO KUTOKA MAREKANI

Hoja ya kuahirisha kodi katika mabadilishano ya ardhi si ngeni duniani. Marekani imekuwa nayo tangu mwaka 1921, na leo inajulikana kwa namba ya kifungu chake, 1031. Tuitazame nchi hiyo kwa makini, maana kwake tunajifunza mambo mawili: lililo jema na lililoharibika.

Jema ni shina lake. Mtu aliyetoa shamba la biashara yake akapokea shamba jingine hajaiacha kazi yake wala hajapata fedha za kulipia. Kwa hiyo haambiwi amesamehewa, anaambiwa angoje. Gharama ya shamba la zamani huhamia katika shamba jipya. Kama alilipata la kwanza kwa 100, na leo lina thamani ya 1,000, basi la pili nalo litahesabiwa kana kwamba alilinunua kwa 100. Siku atakapoliuza kwa fedha, faida yote itaonekana na kodi italipwa. Na ikiwa katika mabadilishano alipewa nyongeza ya fedha, hulipa kodi kwa kadiri ya nyongeza hiyo. Mkulima ambaye mji umemsonga huweza kulitoa shamba lake na kupata jingine mbali zaidi, akaendelea kulima. Hapo haki imetendeka.

Lakini tazameni mti huo ulivyokua. Mwaka 1979 mahakama ya rufani, katika kesi ya Starker iliyohusu ardhi ya misitu huko Oregon, ilikubali kwamba si lazima mashamba yabadilishwe wakati mmoja. Mtu aliweza kutoa ardhi leo na kupokea nyingine baadaye. Mwaka 1984 Bunge lao liliweka mipaka: siku 45 za kutaja mali atakayoipokea, na siku 180 za kuipokea. Siku hizi, basi, mwenye ardhi huweza kumwachia mnunuzi yeyote, fedha zikashikwa na mtu wa kati, na mtu huyo wa kati akamnunulia mali nyingine. Kwa jina ni kubadilishana. Kwa macho ya mkulima wa kawaida ni kuuza na kununua.

Sheria ya mwaka 2017 iliondoa matrekta na mashine katika uahirisho huu, ikabakiza ardhi na majengo peke yake. Shamba la mahindi huweza kubadilishwa kwa jengo la vyumba vya kupangisha mjini, nalo likahesabiwa kuwa mali ya aina moja, mradi yote yamo Marekani. Mwenye mali huweza kubadilisha tena, na tena, na tena, bila kulipa. Akifa, warithi wake huichukua mali kwa thamani ya siku ya kifo, na faida yote iliyokuwa ikingojewa kwa miaka 40 hufutika kaburini pamoja naye. Uahirisho umekuwa msamaha, na msamaha huo ni mkubwa zaidi kwa mwenye mali kubwa zaidi. Mwaka 2021 serikali ya Rais Joe Biden ilipendekeza uwekwe ukomo wa dola 500,000 za faida kwa mtu mmoja kwa mwaka. Bunge halikulipitisha pendekezo hilo.

Huu ndio mtego tunaouonya mapema. Siku tutakapoanza kudai haki ya yule mama, watajitokeza wenye maelfu ya ekari wakisema: na sisi ni wakulima. Watatuombea pamoja, kisha watakula peke yao. Tukipata sheria iliyo wazi pande zote kama ile ya Marekani, mnyonge atakuwa ametumiwa kama chambo.

KUBADILISHANA KWA HIARI NA KUBADILISHANA KWA NGUVU

Yapo maneno mengine ambayo Mkristo hawezi kuyapita anapozungumzia mabadilishano ya ardhi. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, mfalme Ahabu hakuanza kwa kumnyang'anya Naboti. Alianza kwa kupendekeza kubadilishana: atampa shamba la mizabibu lililo bora zaidi, au, akipenda, thamani yake kwa fedha. Ukiusoma mkataba huo bila kujua majina, utaona ni wa haki, hata una ukarimu. Naboti alikataa kwa sababu lilikuwa urithi wa baba zake. Mwisho wa habari mnaujua: mashahidi wa uongo, mawe, na mfalme akishuka kulichukua shamba.

Nchi yetu ina habari zake. Kwa mapatano ya mwaka 1904 Wamaasai walihamishwa kutoka sehemu kubwa ya Bonde la Ufa ili kuwapisha walowezi, wakaahidiwa Laikipia kuwa yao daima. Mwaka 1911 wakahamishwa tena kutoka Laikipia, wakaongezewa ardhi kusini. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913, kesi yao ilitupwa bila haki ya madai yao kupimwa. Katika karatasi za serikali ya kikoloni mambo hayo yaliitwa mapatano. Katika miaka ya 1950 tena, huko Kati, vipande vya mashamba viliunganishwa ili kila mtu apate shamba moja mahali pamoja. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulisifu faida zake za kilimo, na faida hizo zilikuwapo. Lakini vipande vilipokuwa vikihesabiwa, maelfu ya wenyewe walikuwa vizuizini kwa sababu ya Hali ya Hatari, na wapo waliorudi wakakuta walichokiacha kimeingia katika shamba la mwingine.

Kwa nini tunayasema haya katika kijitabu cha kodi? Kwa sababu kodi ikiahirishwa kwa wanaobadilishana, kubadilishana kutakuwa na mvuto, na penye mvuto hafiki mnyonge peke yake. Mwekezaji anayetaka shamba la barabarani atamwendea mzee na kumwambia: nikupe ekari tatu kule bondeni, hutadaiwa kodi. Kama ekari zile tatu hazina maji wala njia, na mke wa mzee hakuulizwa, je, hilo litakuwa badilishano au litakuwa shamba la Naboti?

TUNACHODAI

Kwa hiyo hatudai uahirisho usio na masharti. Tunadai uahirisho wenye mipaka sita.

Kwanza, uwe wa shamba kwa shamba. Ardhi zote mbili ziwe zililimwa au kulishia mifugo kabla ya mabadilishano, na ziendelee kutumiwa hivyo baadaye. Anayetoa shamba apokee jengo la kupangisha, huyo ameiacha kazi ya ukulima, alipe.

Pili, uwe wa wakulima wadogo. Sheria yenyewe imekwisha kukubali kipimo cha ekari 50. Kipimo hicho kitumike pia ndani ya manispaa kwa shamba linalolimwa na mwenyewe.

Tatu, nyongeza ya fedha itozwe. Aliyepokea shamba pamoja na shilingi 500,000 ana uwezo wa kulipa kwa kadiri ya hizo shilingi 500,000.

Nne, gharama ya zamani ihamie katika shamba jipya na kuandikwa katika daftari la ardhi, ili kodi iliyoahirishwa isipotee. Atakapouza yeye au atakapouza mrithi wake, hesabu ianzie pale ilipoachwa. Tukikosa sharti hili, tumeileta Marekani nyumbani.

Tano, mabadilishano yasikilizwe waziwazi mbele ya Bodi ya Ardhi, mume na mke wakiwapo wote wawili, na mashamba yote mawili yakaguliwe kwa macho kabla ya kibali kutolewa.

Sita, ambaye shamba lake liliingizwa katika manispaa baada ya yeye kulimiliki asinyimwe msamaha kwa sababu ya ramani peke yake, maadamu bado analima.

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Watasema: serikali itapoteza mapato. Itapoteza nini? Kilichoahirishwa kimeandikwa, kinangoja. Tena mabadilishano mengi ya sasa hayaandikishwi kabisa, na kwa hayo serikali haipati kodi wala daftari sahihi. Mlango wa haki ukifunguliwa, watu watatoka gizani.

Watasema: wakulima wataongopa kwamba wamebadilishana kumbe wameuziana. Baadhi wataongopa, hatukatai. Binadamu ndivyo alivyo. Lakini leo sheria inawasukuma hata waaminifu kwenye uongo. Ni afadhali sheria inayomkamata mwongo kuliko sheria inayomzalisha.

Watasema, hatimaye: Kanisa lishughulike na sala. Tunasali. Lakini ugomvi wa mipaka ya mashamba huletwa kwetu kila juma, na maziko ya waliouawa kwa ajili ya ardhi tunayaongoza sisi. Aliyeitwa kuzika ana haki ya kuuliza sababu ya kifo.

KAZI YETU

Wapendwa, sheria ya kodi hubadilishwa na Bunge, na Mswada wa Fedha hupelekwa huko kila mwaka kabla ya mwisho wa Aprili. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika kazi yake. Mwezi Juni mwaka 2024 tuliona vijana wa nchi hii wakiupinga Mswada wa Fedha, wengine wakapoteza maisha yao, na Rais akakataa kuutia sahihi. Isitulazimu kungoja damu ndipo tuisome miswada. Karatasi yenye kurasa mbili, iliyoandikwa kwa utulivu na halmashauri ya walei, yenye mifano halisi ya kijiji na majina ya walioridhia kutajwa, ina uzito katika kamati ya Bunge kuliko mnavyodhani. Makampuni yanalijua hilo. Hawakuzaliwa nalo, walijifunza.

Kila parokia iteue watu wawili wa kuifuata ramani ya manispaa yao kwenye ofisi ya kaunti na kuwaeleza waumini mpaka unapopita. Kila jumuiya iandike mabadilishano ya mdomo yaliyofanyika kwake, ili wenyewe wangali hai washauriwe kuyapeleka kwenye Bodi. Na yeyote anayeombwa kuweka sahihi ya kubadilishana shamba asiweke kabla ya kulikanyaga kwa miguu yake shamba atakalopewa, pamoja na wa nyumbani mwake.

Mkulima akiuza, na alipe. Akibadilishana, angojewe. Hilo si ombi la huruma. Ni hesabu iliyonyooka.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Je, katika jumuiya yetu wapo waliobadilishana mashamba bila kuandikisha? Ni nini kiliwazuia?

2. Je, tunajua mpaka wa manispaa iliyo karibu nasi unapita wapi, na ni mashamba ya nani yaliyoingizwa ndani?

3. Someni habari za Naboti. Tutatambuaje kwamba aliyekubali kubadilishana amekubali kwa hiari?

4. Kati ya masharti sita yaliyotajwa, ni lipi lililo gumu zaidi kulitimiza mahali petu, na kwa nini?

5. Ni nani miongoni mwetu atakayeandika maoni ya jumuiya kwa ajili ya Mswada wa Fedha ujao, na atayamaliza lini?